Breki Kumi na Nne

Kitendawili, wewe uliyekaa hapo umeegemeza shavu. Gari langu lina usukani mmoja na breki kumi na nne. Ni nini?

Usiniambie treni. Treni nimeipanda, breki zake sikuzihesabu, lakini usukani haina. Na usiniambie basi la shule, lile likiwa na breki moja tunashukuru Mungu. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Nimeupokea, nimekaa, sasa nakutegulia. Ni meli ya nahodha mmoja. Ndani yake walikuwemo watu kumi na wanne, kuanzia yeye mwenyewe mpaka mpishi. Kuiendesha, aliiendesha yeye. Kuisimamisha kazi, yeyote. Mpishi akitoka jikoni na mwiko mkononi akasema simama, kila kitu kinasimama, na sababu inaulizwa baadaye. Ndiyo ilikuwa sheria ya meli hiyo, na nahodha aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Sheria kama hiyo ni tamu ikisemwa ukumbini, watu wakapiga makofi. Uchungu wake huja siku breki mojawapo inapokanyagwa bure.

Mke wa nahodha alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na asubuhi hiyo ilikuwa inakimbia kuliko kawaida yake, kwa sababu aliyeiendesha hakutaka kuongea na mtu. Mumewe alikuwa amerudi kutoka baharini kabla ya zamu yake kwisha. Mtu wa baharini akirudi mapema, ama anaumwa ama ameonyeshwa mlango, na huyu alikuwa anakula vizuri.

"Kikao," nahodha alisema kutoka kwenye korido.

"Kikao cha nini tena?" mama yake aliuliza. Bibi alikuwa ameshajifunga kibwebwe na ameshashika upande mmoja wa friji.

"Cha friji. Tunaitoa hapa tunaipeleka pale. Nani anazijua hatari zake?"

"Hatari yake ni wewe kuongea mpaka maziwa yaharibike."

"Waya. Mlango kufunguka njiani. Na vidole vya miguu. Mama, hizo si ndala za kubebea friji. Yeyote akiona jambo, anasema simama. Hata kama..."

"Hata kama hakuna jambo. Nimesikia, baba. Mimi nimezaa watano bila kikao hata kimoja, na wote walitoka na vidole vyao."

Siku nyingine mke angecheka. Alikuwa ameizoea nyumba hii ambamo balbu haibadilishwi mpaka watu watatu wakubaliane nani anashika ngazi. Siku hiyo aliikanyaga pedali tu.

"Kikao hicho ungekifanya ofisini kwenu," alisema bila kuinua kichwa, "labda meli ungekuwa nayo mpaka leo."

Nahodha aliitua friji taratibu, akahakikisha miguu ya mama yake iko salama, akaenda uani kuangalia bomba lililokuwa linavuja.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Meli yake ilihudumia jukwaa la gesi, lile jumba la chuma linalosimama kwa miguu minne katikati ya bahari, watu wakilala na kuamka humo wakichimba. Chakula chao, maji, mafuta, mabomba, vyote hupelekwa na meli kama hiyo. Pale haitii nanga. Inajishikilia kwa injini zake chini ya jukwaa, karibu kiasi cha mabaharia kuiona kutu ya miguu ile, na kreni iliyoko juu inateremsha kulabu, wanafunga kontena, linapanda. Mzigo ukining'inia, chini yake hapiti mtu, na nahodha kule kwenye chumba cha usukani hapepesi. Meli ikigonga mguu wa jukwaa, hakuna atakayebaki wa kuuliza nani kaanza.

Siku hiyo makontena mawili yalikuwa yameshapanda. La tatu lilipofungwa, kabla halijanyanyuka, baharia mmoja alinyoosha mkono juu, kiganja wazi. Simama. Kreni ikasimama, kulabu ikafunguliwa. Nahodha akaiondoa meli pale, akaipeleka mbali kama utaratibu unavyotaka, watu wakaenda kuangalia. Baharia alisema ameona waya mmoja umekatika kwenye kamba ya chuma ya kunyanyulia. Wakaikagua kamba kwa tochi, wakaipitisha mikononi na glavu. Ilikuwa nzima kama siku iliyonunuliwa. Kilichopepea pale kilikuwa kipande cha uzi wa plastiki kilichojisokota.

Basi, kosa. Lakini wao walipokuwa wanaangalia, upepo haukuwa unawasubiri. Walipokuwa tayari kurudi, mawimbi yalikuwa yamepita kipimo wanachoruhusiwa. Wakangoja, bahari ikakataa. Wakarudi bandarini na mzigo, na ndani ya mzigo huo kulikuwa na kifaa cha pampu ambacho jukwaa zima lilikuwa linakingojea. Kazi kule ikalala. Wenye jukwaa, ambao ndio walioikodi meli, wakaja juu.

Kampuni ya meli ikatafuta kitu cha kuwatuliza. Jina tu. Nani aliyenyoosha mkono? Nahodha akasema meli ilisimama kwa amri yake, waandike hivyo. Wakamwambia akapumzike nyumbani mpaka atakapokumbuka vizuri.

Habari haikuchelewa kufika mtaani. Ilifika kabla ya begi lake.

Mke alipokwenda kununua nyanya, fundi baiskeli wa pale kona aliacha spana yake akamtazama. Mtu huyo alikuwa na mdomo mrefu kuliko pampu yake.

"Shikamoo, mama. Kapteni Uzi hajambo?"

"Nani?"

"Mzee. Si tumesikia ameona uzi akakimbia na meli nzima?" Vijana waliokaa kwenye benchi walicheka. "Halafu mama naye fundi wa mapazia. Hiyo nyumba, jamani, kila kitu kinaendeshwa kwa uzi."

Ilikuwa dhihaka nzuri, na ndiyo maana iliuma. Alichagua nyanya zake polepole ili wasione kwamba anataka kuondoka haraka. Njiani aliwaza miaka ambayo mumewe alikuwa anakwangua kutu na kupaka rangi, kisha kushika usukani usiku wa wengine, kisha mitihani aliyosomea jikoni huku yeye akimsogezea taa. Siku alipopewa meli, mtaa mzima ulibadilisha salamu. Aliitwa mama nahodha mpaka akasahau jina lake. Na sasa yote hayo yalikuwa yanakwenda, kwa ajili ya mpumbavu mmoja asiyejua uzi na waya.

Alipofika nyumbani alimkuta mgeni sebuleni. Alikuwa mke wa nahodha msaidizi, mtu wa pili melini baada ya nahodha, aliyekaa mtaa wa pili. Alikuja kuchukua mapazia yake.

"Yako tayari, shoga," mke wa nahodha alisema, akayavuta kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Ya sebule ya nahodha mpya. Nimeyapiga pindo mara mbili, maana sasa mtapata wageni wengi."

"Nahodha mpya yupi?"

"Usinichekeshe mimi sina meno ya kuchekea. Mumeo si ndiye anayepewa meli?"

Mgeni akakaa chini. Alikaa kama mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka mbali.

"Anapewa," alisema. "Kwa sharti aseme nani alinyoosha mkono. Yeye alikuwepo, anamjua. Unajua amewajibu nini?"

"Nini?"

"Amewajibu alikuwa anaangalia skrini."

Mke wa nahodha aliyaacha mapazia. "Skrini gani?"

"Ndivyo nilivyomwuliza. Macho unayo mawili, hizo skrini zina utamu gani? Miaka yote nangojea na mimi kuitwa mama nahodha, mlango umefunguliwa, mtu anaitwa aingie, yeye ameangalia skrini."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kumchukia mwenzake, na sasa chuki hiyo ilikosa pa kukaa.

"Hawa wanaume wamelishwa nini huko?" mke wa nahodha aliuliza.

"Chakula cha mpishi mmoja."

Wakacheka mpaka Bibi akatoka chumbani kuuliza nani kafa. Wakati wa kuondoka, mke wa msaidizi alisimama mlangoni na mapazia kwapani, akashusha sauti.

"Nimemgombeza mpaka kaenda kulala na viatu. Lakini usimwambie mtu, shoga. Asubuhi, nilipopakua, mnofu mkubwa nilimwekea yeye."

Kesho yake nahodha aliitwa ofisini kwa siku iliyofuata. Akaenda kwanza kwa fundi bomba, maana bomba la uani halikujua habari za ofisi.

Alipokuwa huko, mtu alikuja akasimama nje ya geti. Hakubisha. Alikuwa mtu mzima wa mabega mapana, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama visu. Bibi alimwona kupitia matundu ya geti.

"Wewe ni mgeni au ni nguzo?"

"Shikamoo, bibi. Natoka melini."

"Marahaba. Ingia. Unaitwa nani?"

"Kimya."

"Hilo ni jina au ni tabia?"

Mgeni alilifikiria swali kwa haki. "Lilianza kama tabia," alisema.

Bibi alimpenda hapo hapo. Alimkalisha kwenye kiti kizuri, akachukua sinia lake la mchele wa kuchambua, akamtegea kitendawili kabla hajamletea maji. "Ndege wangu akitoka tunduni harudi."

"Neno, bibi. Ndiyo maana wangu huwa simfungulii."

Kisha akamgeukia mke wa nahodha, aliyekuwa anavuta uzi kwenye sindano, akamfungulia. "Mama, ni mimi niliyenyoosha mkono. Nakwenda ofisini kuwaambia. Nimepita hapa kwanza kumwambia nahodha, nisije nikaonekana nimemruka."

Sindano ilibaki hewani. Kwa hiyo mpumbavu alikuwa huyu. Alimtazama amchukie, na mtu akawa ananywa maji kwa mikono miwili.

"Kwa nini ulinyoosha?" aliuliza. "Hukuweza kuangalia vizuri kwanza?"

"Kwenye meli yangu ya zamani niliangalia vizuri," Kimya alisema. "Niliona kulabu ina ufa. Nikaangalia tena, nikaona ni ufa kweli. Nikanyamaza. Nahodha wa kule, ukisema jambo, anakurushia kikombe. Rafiki yangu aliacha vidole vyake pale, na mimi nimeangalia vizuri." Akanywa funda la maji. Hakuzoea safari ndefu za maneno. "Nilipokuja kwa nahodha wetu, vikao vyote nilikaa nyuma. Siku moja akaniita. Akasema, Kimya, siku utakayonyoosha mkono nitasimama, sitakuuliza kwanza. Basi nikanyoosha. Na nikakosea."

"Ukiwaambia, utapata kazi nyingine?"

"Hapa bandarini, hapana. Lakini nahodha arudi kwenye meli yake. Meli ile inamfaa."

Hakuomba kitu. Hapo ndipo penye mtego, msikilizaji wangu, maana angeomba ingekuwa rahisi kumnyima. Mke wa nahodha aliona njia imefunguka mbele yake, pana, wala hakuwa ameifungua yeye. Mtu mzima amekuja kwa miguu yake na shati lake la pasi. Nani angemlaumu? Aliinuka, akamfungulia geti mwenyewe.

"Pita nyuma ya kiwanda cha matofali," alimwambia. "Utafika barabarani haraka."

Aliporudi ndani, Bibi alikuwa bado anachambua mchele.

"Mgeni wetu kaenda wapi?"

"Ofisini."

Bibi alitoa kokoto moja, akalitazama, akalitupa dirishani. "Na wewe umempa njia ya mkato," alisema.

Mke alikaa kwenye cherehani. Mguu uliwekwa juu ya pedali na haukukanyaga. Alimwona mtu yule akipita nyuma ya matofali, mikunjo ya shati ikishika vumbi, akiharakisha kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia awahi. Kisha alikuwa nje, na hata mlango hakuufunga. Alikimbia na utepe wa kupimia shingoni, ukipepea nyuma yake kama mkia, ndala moja ikambwaga mbele ya fundi baiskeli na wale vijana wa benchi, akaiacha hapo hapo akaendelea.

Basi lilikuwa limeshasimama. Kimya alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Simama," alisema mke wa nahodha. Hakupiga kelele, pumzi hakuwa nayo. Lakini mtu yule alisimama kama aliyegandishwa, mguu mmoja ndani, mmoja nje, hata hakugeuka kuona ni nani.

"Kuna nini, mama?" aliuliza.

"Sijui." Alikuwa anahema. "Sijui bado. Shuka kwanza, tutaangalia pamoja."

Kimya akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo ndilo jibu la akili kuliko yote aliyowahi kupewa, akashuka.

"Mama, huyu abiria wangu ana nini chako?" kondakta aliuliza.

"Ana chakula changu hajala. Nenda zako."

Nahodha alirudi na mpira mpya wa bomba akamkuta baharia wake anakula mezani, na mkewe ana ndala moja. Alielezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono, akakaa.

"Kimya, mkono ule ni wako," alisema. "Lakini meli ile niliisimamisha mimi. Ukienda kusema wewe ndiye uliyeisimamisha, utakuwa umeninyang'anya cheo. Unataka cheo changu?"

"Hapana, nahodha."

"Basi kula."

Siku ya ofisini mke alisema atakwenda naye. Mume alisema hakuna haja. Mke akasema hakuuliza kama kuna haja.

Pale getini mlinzi, aliyezoea kumpigia nahodha saluti, leo alitazama viatu vyake. Kadi ya nahodha iligusa mashine, mashine ikawaka nyekundu. Akaijaribu tena. Nyekundu.

"Nimeambiwa nikuandikishe kama mgeni, nahodha," mlinzi alisema. "Nisamehe. Nimeambiwa tu."

"Andika. Kalamu yako haina kosa." Akavaa shingoni kile kitambulisho kilichoandikwa MGENI, kwa herufi kubwa ambazo mtu angezisoma kutoka ng'ambo ya barabara, akalinyoosha shati chini yake kana kwamba ni nishani.

Mke aliachwa kwenye benchi nje ya mlango wa meneja wa meli. Ukutani juu yake palikuwa na bango kubwa la picha: nahodha mmoja mwenye kofia ngumu, anatabasamu, ameinua kidole gumba, na chini yake maneno, Kila Mtu Ana Haki ya Kusimamisha Kazi. Alikuwa mumewe. Binti wa mapokezi alilitazama bango, akamtazama mama aliyekaa chini yake, akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangika.

Kitasa cha mlango kilikuwa kibovu, na maneno yalitoka.

"Nahodha, mimi si adui yako," meneja alisema.

"Najua."

"Jina moja tu. Atapumzishwa kidogo, baadaye tutamwita."

"Ataitwa na nani?"

Kiti cha meneja kililia, kama mtu amejisogeza mbele. "Basi tuache jina. Nijibu hili, na nakupa njia nzuri. Wewe ulikuwa juu, darubini unayo. Ulipoangalia ile kamba, uliona nini? Ukisema uliona hatari, yamekwisha. Nitawaambia macho ya nahodha yalikosea, macho hukosea. Ukisema hukuona hatari, basi kuna aliyekupotosha, na huyo ana jina. Uliona nini?"

Nje, mke wake alishika ukingo wa benchi. Sema uliona hatari, alimwambia moyoni. Neno moja. Litaokoa wote, wewe na yule wa mikunjo ya shati. Sema, baba, nani atakupima macho?

"Mkono ulinyooshwa," nahodha alisema.

"Sikuuliza mkono. Nimeuliza wewe uliona nini."

"Hilo silijibu hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikilijibu, vyovyote nitakavyolijibu, kesho kila baharia anayetaka kunyoosha mkono atageuka kwanza kuniangalia mimi kama nimeona. Na mzigo haungoji mtu ageuke. Unaujua mzigo, meneja. Umewahi kusimama chini yake."

Meneja aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesoma hukumu asiyoiandika yeye.

"Meli hiyo siwezi kukurudishia. Wateja hawataki. Ilipo nafasi ni Kobe."

Mke aliijua Kobe. Nani bandarini asiyeijua? Ilikuwa meli ndogo ya zamani iliyopeleka maji na kurudi na takataka, na kila aliyepangiwa huko aliambiwa pole.

"Kobe bado inaelea?" nahodha aliuliza.

"Inaelea."

"Ina watu?"

"Sita."

"Basi nitakwenda. Nikifika kutakuwa na breki saba."

Binti wa mapokezi alidhani mama huyu atalia. Mama huyu aliinuka, akanyoosha gauni, akasimama wima chini ya lile bango, na mumewe alipotoka alimwona hivyo, kidevu juu, kama anayengoja kupigwa picha. Moyoni mwake meli ilikuwa imekwenda, nzuri, nyeupe, na iliuma. Lakini alikuwa amelisikia jambo kwa masikio yake mwenyewe nyuma ya mlango mbovu, na jambo hilo hakuna mteja angeweza kulikodi.

Getini mlinzi alikipokea kitambulisho cha mgeni kwa mikono miwili.

"Uliona nini?" mke aliuliza walipofika barabarani.

"Leo upepo mzuri," nahodha alisema.

Alimwuliza tena jikoni. Alimwuliza akimpangia begi. Mara ya kwanza mume alisema bomba bado linatoa jasho. Mara ya pili alisema soksi zile zinamtosha.

Miaka yote hakuwa na desturi ya kumsindikiza mpaka gatini. Kwenye meli kubwa angetaka nini huko, mwanamke aliyejua kwamba mumewe anang'aa. Sasa alimsindikiza hadi kwenye Kobe yenyewe, na alivaa nguo yake nzuri.

Kobe ilikuwa na kutu kwenye mashavu na ngazi iliyofungwa kwa kamba. Mtu mmoja alikuwa amechuchumaa mbele, anakwangua. Alikuwa Kimya. Mke wa msaidizi, ambaye mumewe hatimaye alipewa meli bila kutaja jina, alikuwa ameshamsimulia shoga yake: kwenye kikao cha kwanza cha nahodha mpya, mtu aliyekaa nyuma miaka yote aliinuka, akasema kwa sauti ya kusikika, naomba kwenda Kobe. Na yule nahodha mpya alimwambia, nenda, halafu akawageukia waliobaki akawaambia mkono ukinyooshwa humu, meli inasimama, kama jana. Mke wa msaidizi alisimulia hayo huku akijifanya amekasirika.

Mpakizi mmoja alipita na mkokoteni wake, akamwona nahodha. "Kapteni Uzi," aliita, "angalia usijikwae."

Mtu wa kwanza kujibu alikuwa Kimya, bila kuacha kukwangua. "Wewe endelea kupita chini ya mizigo, kaka. Siku ukianguka, tutakushona kwa uzi huohuo."

Wapakizi wakaangua kicheko, na safari hii mwenye mkokoteni ndiye aliyeharakisha. Nahodha hakucheka. Alikuwa anamtazama baharia wake kama mzazi anayemsikia mtoto akitamka neno la kwanza, na mkewe alikuwa anamtazama yeye.

"Hapa si ofisini," alimwambia. "Na hakuna mkono wa mtu utakaoshuka kwa sababu mimi nimejua. Darubini ulikuwa nayo. Uliona nini?"

Nahodha aligeuka kwanza kuhakikisha Kimya yuko mbali. Jenereta ya Kobe ilikuwa inakohoa, ikabidi ainame karibu na sikio lake.

"Niliona uzi wa plastiki," alisema. "Wa bluu. Niliuona tangu wanafunga kontena, nikajua ni uzi. Halafu nikauona mkono wa Kimya unapanda, ukafika usawa wa bega, ukaanza kurudi chini, ukapanda tena. Nikaiondoa meli pale kabla haujashuka."